Kemuma na Dari Mpya ya Kanisa

Kanisa letu la Manga lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa kwenye jabali la mlima, na mama zetu ndio walioyabeba kichwani. Mapadre Wazungu walitaka matao yenye ncha juu, mtindo uitwao Gothiki. Haya nimeyasoma mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Vitabu vinasema ncha zile humfanya mtu ainue macho. Kwetu ziliinua sauti. Ukiimba mstari, ulipanda hadi kwenye paa, ukakaa kidogo, ndipo ukarudi. Kwa hiyo tuliimba polepole, tukisubiri.

Kemuma na dadake Bitutu ndio walioongoza nyimbo tangu usichana wao. Kemuma alianza, Bitutu akapokea. Bitutu alipofariki, Kemuma aliendelea kuanza, kisha akanyamaza ili dadake apokee.

"Bado anapokea," aliniambia. "Msikilize pale juu."

"Huo ni mwangwi, Kemuma."

"Wa nani? Mimi nilipata wapi sauti nyembamba hivyo?"

Mwaka jana kamati ilitaka kanisa lifanane na hoteli za Nyamira mjini. Akaletwa fundi Ronny kupiga dari ya jipsamu, tena chini mno, ikayakata madirisha yale marefu katikati. Kemuma alimfuata kwenye ngazi.

"Mjukuu wangu, niachie mraba mmoja wazi."

"Magokoro, bibi yangu, popo watakunyea kichwani ukiimba!"

"Na wanye. Wewe acha tu."

"Bibi, mwenyekiti atanifukuza." Akapigilia.

Jumapili Kemuma akaanza wimbo, akanyamaza. Hakuna kilichorudi. Kinanda cha umeme hakikungoja. Vijana wakampita wakicheza. Alibaki amesimama na mdomo wazi, na hakuna aliyegeuka. Siku hizi nani humsubiri mtu?

Hakuingia tena. Nilimkuta nje wakati wa misa, nami nimevaa kofia yangu, nyuma ya kanisa, chini ya dirisha ambalo ncha yake imebaki juu ya dari, kioo kikiwa kimevunjika. Ndani walikuwa wakipiga makofi. Aliinua uso, akaimba mstari mmoja, akanyamaza.

Mimi si mtu wa mizimu. Lakini sauti nyembamba ilitoka kwenye ncha ile, ikaimba mstari uliofuata, ambao Kemuma alikuwa hajauimba.

"Umemsikia?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimemsikia."

"Basi vua kofia."