Pedi mpya nilimpa mzee kwa heshima

Leo nimefungwa nne bila na mzee mwenye fimbo.

Niko kibanda cha gemu za mpira hapa Haydom. Mzee mmoja mfugaji akaingia kukwepa mvua. Nikampa shikamoo, akasema na yeye anataka kucheza.

Heshima ni heshima. Nikampa pedi mpya ya kuchezea, laini. Mimi nikabaki na ile kuukuu iliyozungushiwa raba ya tyubu ya baiskeli.

Akazipima zote mbili mkononi kama anachagua fimbo mnadani.

"Hii mpya inateleza. Nipe hiyo yenye raba."

Nikacheka kimoyomoyo, hadi aliponifunga la tatu. Kumbe nyumbani anacheza na wajukuu.

Hapa anayefungwa anapisha kiti. Nikasimama, nikajikuta nimempa shikamoo nyingine.

"Marahaba. Lete mwingine."

Bado yupo. Mwenye ubavu aje, pedi laini iko wazi.