Nilivyojifunza Kuacha Kushika Kidevu

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya meno mjini Kisumu, mgonjwa alinitapikia viatu kabla ya saa nne. Daktari Mkuu, mtu wa maneno machache, alinipa kitambaa. "Utazoea, Sista," akasema.

Kutengeneza meno bandia kulianza na kuchukua umbo la ufizi. Tulikoroga unga maalumu kwa maji, tukaujaza kwenye trei ya chuma, tukaushikilia kinywani, mkono mwingine umeshika kidevu, mpaka ugande. Trei ikisogea nyuma, koo hujikaza na mgonjwa hutaka kutapika. Kwa hiyo tulimketisha wima, tukamtia chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi na kumwambia apumue kwa pua huku ameinua mguu mmoja, mawazo yahamie huko. Akina mama wa soko la Kibuye waliucheka sana mguu huo, lakini ulisaidia.

Baadaye nilihamishiwa Nyakach, chini ya Afisa wa Meno aliyependa foleni iishe mapema. Huko alikuja Mama Perez, ajuza wa Pap Onditi. Meno sita ya mbele ya chini aling'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi yetu Wajaluo zamani, na mengine yalikwisha uzeeni.

"Kwa matanga watu wanakula nyama," aliniambia, "mimi wananiletea uji kama mtoto."

Chumvi ilishindwa, mguu ukashindwa. Mara mbili alianza kutapika kabla trei haijagusa mdomo.

"Akishindwa tena, aende nyumbani," Afisa akasema. "Watu ni wengi."

Nilimshika kidevu kwa mara ya tatu, nikahisi anatetemeka. Nikauliza kuna nini.

"Huyo mzee alinitoa meno alinishika tu hivyo, nyathina, mwanangu. Hakuna mtu aliniuliza kama nataka."

Niliona aibu. Nilimpa trei mkononi, nikarudi nyuma hatua mbili. Akaiingiza mwenyewe, polepole, akaibana kwa vidole mpaka unga ukaganda. Hakutapika. Meno yalipokuwa tayari aliyavaa mwenyewe pia, akanialika kwake Jumapili kula kuku.

Sasa nimestaafu. Nasikia siku hizi kuna kamera ndogo inayopiga picha ya ufizi bila unga wowote, na nafurahi. Waliotapika hawanisumbui. Nawafikiria wale niliowashika kidevu bila kuwauliza, wakatulia kimya, nami nikajisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi.