Pumzi ya Ininahazwe

Ininahazwe alianza kuishiwa pumzi katikati ya wimbo mwaka ule tuliporudi kutoka hospitali. Nilimsindikiza mimi, Immakulata, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya yetu ya kijiji cha Kitanga. Daktari alisema moyo wake umepanuka, valvu moja haifungi vizuri, aende Dar akapasuliwe, na kuimba aache. Njiani alinishika mkono.

"Dada, wazee wa kanisa wakijua watanitoa mbele. Nikitoka mbele nimeshakufa. Usiseme."

Nikaapa. Mjinga mimi.

Wazazi wake walitoka Burundi na mtoto mgongoni, naye huyo mtoto akakulia kwenye maharage na mihogo, akapata uraia akiwa na wajukuu. Noti za muziki hakuzijua hata moja. Aliimba taratibu, kwa sauti nzito iliyochubuka kidogo, muziki ambao redioni wanauita soul. Sisi tulisema tu kwamba mama huyu anaimba na roho yake imo. Sasa pumzi ikawa inamwishia kabla ya neno la mwisho la mstari. Ananyamaza. Mpiga gitaa wetu, Bazilio, akajifunza kuzungusha kipande kilekile cha gitaa mpaka arudi. Akirudi na lile neno, kanisa zima linalia. Hata mimi niliyejua, nililia.

Video zikasambaa kwenye simu. Haukupita mwaka, kwaya zote kutoka Busunzu hadi Gwarama zikawa zinanyamaza kabla ya neno la mwisho. Wasichana wenye mapafu mazima wanashika kifua na kufumba macho! Kijana mmoja mwenye studio mjini Kasulu aliwapimia waimbaji wake kimya hicho: mapigo manne, si matatu. Aliyeiga vizuri kuliko wote ni Ange, mwanafunzi wa Ininahazwe mwenyewe, akawa anaalikwa hata kumzidi mwalimu wake. Nilichukia. Ininahazwe alicheka.

"Waache. Wakinyamaza wote, nani atagundua kwamba mimi naumwa?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema lolote juu ya anayemsaidia kuficha.

Tamasha la kwaya Kibondo lilikuwa Jumapili, jua la saa nane. Miguu yake ilivimba hadi akavaa viatu vya mumewe. Nikamwambia leo tuache, akanikata jicho. Aliimba ubeti wa kwanza, na wa pili. Kwenye wa tatu akanyamaza, akaegemea kinanda. Bazilio akazungusha mara moja. Vigelegele. Mara ya pili watu wakasimama, wakisema leo mama ametuweza. Mara ya tatu nikaona midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Kati ya watu wote pale, mimi peke yangu nilijua kwamba zile si mbwembwe, nami nilisimama nikihesabu mapigo, nikiogopa kumharibia wimbo. Alipoanguka, walipiga makofi.

Alikufa kabla gari halijapatikana. Tulimzika Kitanga.

Miezi mitatu sikukanyaga mazoezini. Kisha nikamwita Ange, nikamwambia yote: hospitali, valvu, kiapo.

"Mawe, mama wee!" alisema. "Kumbe nilikuwa naiga ugonjwa? Na wewe mama ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Ukanyamaza."



Jumapili iliyofuata Ange alisimama mbele kuimba wimbo uleule. Safari hii aliamua kuupitisha moja kwa moja, kama ulivyoimbwa kabla ya ugonjwa. Tulipofika mwisho wa mstari, kwaya ikanyamaza kwa mazoea. Bazilio akazungusha. Waumini nao wakafunga midomo, wazee kwa watoto, wote wanangoja. Ange akalitamka neno la mwisho peke yake, sauti ikatoka nyembamba, na watu wakageuka kumtazama kana kwamba amekosea. Nami, niliyemwambia ukweli, nilikuwa nimefunga mdomo pamoja nao.