Nilivyokwenda Nyambula Kurudisha Jina la Petro

Sikwenda Nyambula kutafuta dhahabu. Dhahabu niliachana nayo nikiwa kijana. Sasa hivi nafyatua tofali Kinyerezi, na ukisimama kwenye kiwanja changu unaiona mitambo ya gesi kwa nyuma. Nusu ya kuta za mtaa huu zimetoka mikononi mwangu, na anayebisha alete nyundo apime. Nilikwenda kwa sababu ya tangazo la redio.

Binti yangu Neema ndiye aliyeniwekea kwenye simu redio ya Nyambula, mji mdogo wa machimbo huko Kanda ya Ziwa nilikochimba zamani. Kila asubuhi naisikilizaga nikichanganya mchanga. Habari zao ni ndogondogo, na ndiyo maana nazipenda. Maji yatakatika mtaa wa juu. Mbuzi mwekundu kapotea. Timu ya wachimbaji imefungwa na timu ya walimu, na kipa amelaumiwa. Jumatatu moja mtangazaji akasema makaburi ya zamani ya wachimbaji yanahamishwa kupisha stendi mpya, kazi yenyewe Jumamosi ya wiki inayofuata, ndugu wajitokeze. Akaanza kusoma majina yaliyomo kwenye misalaba.

"Kichwa Ngumu. Bwana Mvua. Saa Sita..."

Nikatupa koleo.

Saa Sita alikuwa mwenzangu wa shimo. Machimboni kila mtu aliishi kwa jina la utani, na mie niliitwa Nyundo. Yeye aliitwa Saa Sita kwa sababu hakuwahi kufika kazini kabla ya jua la utosi. Lakini tulikuwa na desturi yetu: yule anayekushikia kamba ukishuka, huyo mmoja tu unampa jina lako la kweli na la baba yako na la kwenu, ili ukifia chini ajue pa kupeleka habari. Mie nilipewa hili: Petro Nkwabi. Shimo lilipomwangukia, nilimfukua kwa mikono hii. Siku ya kuzika nilimwambia fundi rangi aandike Petro Nkwabi kwenye msalaba, nikasimama pale mpaka akamaliza. Kisha nikasafiri mpaka kijijini kwao, upande wa Nzega, nikamwambia mama yake. Yule mama aliniuliza neno moja tu: "Msalaba wake una jina?" Nikamjibu, "Una jina, mama."

Wakati ule sikujua kusoma. Herufi nimezijulia ukubwani, kwenye mifuko ya saruji.

"Baba, labda kuna Saa Sita mwingine," Neema aliniambia.

"Hakuna. Na kama fundi yule alinidanganya, basi mie nimemdanganya mama wa watu."

"Si upige simu tu? Magoti yako hayo."

"Nilimwambia mama wa watu kwa mdomo, nimesimama mbele yake. Simu haitasaidia."

Jumatano alfajiri niliondoka stendi ya Mbezi. Kijana wa tiketi alitaka kunipa kiti cha nyuma juu ya tairi, eti wazee wanasinzia hawasikii mitikisiko. Nikamwambia kiti cha nyuma akampe mjomba wake. Nikakaa mbele. Morogoro tulipita watu wanafungua maduka, Dodoma tukala. Jioni nikashuka Singida, maana nilikuwa nimeapa magoti yangu hayatakaa kwenye basi usiku kucha. Nikalala gesti yenye shuka safi, nikala kuku, na kesho yake nikapanda basi jingine.

Alhamisi mchana tulipita Nzega. Niligeuza uso upande wa pili wa dirisha. Sikuwa na la kuwaambia watu wa kule bado.

Jioni hiyo hiyo nikaingia Nyambula. Niliuacha mji wa maturubai, nimeukuta una taa za barabarani, benki na maduka ya simu mlango kwa mlango. Harufu tu ndiyo ile ile, vumbi la mawe yaliyosagwa. Sikutafuta pa kulala. Nilikwenda na mfuko wangu moja kwa moja makaburini, nikatembea katikati ya misalaba ya bati mpaka kwenye ule mti mkubwa ulio upande wa kaskazini, maana chini yake ndipo nilipomchimbia kaburi. Nikafuta kutu kwa kiganja. Nikaanza na herufi ya kwanza, nikaifuata kwa kidole.

S. A. A.

Sikuendelea. Nilikaa chini. Zaidi ya miaka thelathini nimetembea kifua mbele kwamba nilimzika rafiki yangu kwa jina lake.

Ijumaa saa mbili nilikuwa ofisini kwa afisa afya anayesimamia uhamishaji. Kijana mpole, shati limenyooka, shikamoo anaitoa vizuri. Lakini mpole naye anaweza kuwa ukuta.

"Mzee wangu, sie tunaandika kilichopo kwenye msalaba. Kama una cheti chochote, leta."

"Cheti cha nini? Tulizika watu kabla wewe hujaota meno. Nani angetupa cheti?"

"Basi barua ya ukoo. Au watu wawili waliokuwepo mazishini. Wewe ni mmoja."

"Wewe mwenyewe unaitwa nani mtaani kwenu?"

Akacheka. "Wananiitaga Masta."

"Ukifa tukuandike Masta, mama yako asome Masta?"

Hakucheka tena. Akasema, "Mzee, lete mtu wa pili. Ukimpata leo, naandika leo."

Wachimbaji wa enzi zangu wametawanyika, wengine wamekufa. Ningemtafuta mlango gani? Nikaona nimfuate aliyeanzisha ishu yote. Nikauliza redio iko wapi.

Redio yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya machimbo. Mtangazaji ni binti anaitwa Tabu, sauti nene, mwili kama uzi. Nikamweleza.

"Babu, nina matangazo ya chanjo, mnada na mtoto aliyeokota pochi. Nikupe dakika mbili?"

"Mbili zinatosha. Sikuja kuimba."

Saa nne asubuhi akanivalisha vile vitu vya masikioni. Nikasema: "Mie ni Nyundo, mchimbaji wa zamani wa hapa. Mmesoma Saa Sita. Hakuna mwanamke aliyezaa mtoto akamwita Saa Sita. Huyo ni Petro mwana wa Nkwabi. Kama kuna aliyekuwepo tukimzika na bado ana pumzi, aje kwa afisa afya leo. Mie siondoki mji huu mpaka ajitokeze, na kama hatajitokeza, hiyo stendi mtaijenga na mie nimekaa katikati yake."

Tabu akanitazama, akapachika muziki. Kabla wimbo haujafika nusu, simu ikalia. Akaiweka hewani.

"Nyundo! Wewe Nyundo mwizi!" Sauti ya mwanamke mzee. "Sufuria langu liko wapi?"

Nikamjua hapo hapo. Mama Kashindi, aliyekuwa akitupikia ugali na dagaa pale shimoni.

"Mama Kashindi, sufuria lilitoboka siku nyingi."

"Si ungelirudisha limetoboka! Nisubiri. Navaa viatu."

Alikuja ofisini kwa bodaboda, amejifunga kanga mbili, fimbo mkononi. Afisa akamuuliza kama alikuwepo. Akasema alikuwepo, na yeye ndiye aliyempa yule fundi kopo la rangi.

"Huyu alimtajia fundi jina refu," akasema, akininyooshea fimbo. "Petro nani sijui, wa nani. Fundi akaona rangi iko kidogo, haifiki. Akaandika Saa Sita, herufi saba, kwisha. Wote tuliokuwa tunajua kusoma tuliona."

Nikasimama. "Mliona? Na hamkusema?"

"Nani angekwambia? Ulikuwa umesimama pale kama uliyejenga kanisa. Unatuuliza, 'Mmeona jina la rafiki yangu?' Unamshika kila mtu bega. Nilitaka kusema, Nyundo, nikaona haya. Ulikuwa unajivuna mno."

Nikamgeukia afisa, nikamwambia aandike. Afisa aliinamisha kichwa akaandika, kisha akanigeuzia daftari nihakiki. Mtu mwingine angetia saini tu. Mie nilisoma herufi moja moja, nikamchelewesha, na foleni ya nyuma ikaguna. Waache wagune.

"Kaburi jipya litawekewa kibao cha bati," akaniambia.

"Bati sitaki tena. Nitaleta changu."

Jumamosi nikaenda kwenye kiwanja cha tofali cha Nyambula. Mchanganyiko wao mbaya, mchanga mwingi mpaka aibu. Nikawaambia. Fundi wao akasema, "Mzee wa Dar kaja kutufundisha kazi." Nikamjibu nimekuja kuazima kalibu, mafunzo ni ya bure. Nikachekecha mchanga mwenyewe, nikatia saruji ya kutosha, nikafyatua bamba moja pana. Likiwa bado bichi nikachukua msumari wa inchi sita nikaandika PETRO NKWABI. Herufi N niliichora kwanza mchangani mara tatu kabla ya kuigusa kwenye bamba. Mafundi wale waliacha kazi wakasimama kunitazama, wala hakuna aliyecheka. Wiki nzima nikalimwagilia maji asubuhi na jioni, nikiwa nimelala kwa Mama Kashindi na kusimangwa sufuria kila mlo.

Jumamosi ya pili walimhamisha. Ni mifupa michache, sanduku dogo. Nililibeba mie. Mama Kashindi alishika upande mmoja wa bamba na fundi wa tofali upande wa pili. Tabu alikuwepo na kinasa sauti chake. Mchungaji aliposema jina, alilisoma kwenye saruji.

Jumapili nikapanda basi la kurudi. Safari hii sikugeuza uso. Nikashuka Nzega, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Mama mwenyewe alishakufa, hilo nililijua, lakini nyumba imebaki na binti yake, Dotto, sasa mwenye mvi kama mie. Akaniletea kigoda na maji.

Nikamwambia yote. Nilimwambia mama yako aliniuliza jambo nikamjibu uongo, na uongo wenyewe sikuujua kwa sababu sikujua kusoma na nilikuwa na majivuno ya kutouliza. Hakunifariji wala hakunilaumu. Akasema tu, "Twende."

Kaburi la mama liko nyuma ya zizi. Dotto akaniomba simu, akaitazama picha ya bamba niliyoipiga siku ya kumhamisha, kisha akainama kidogo, akasema kwa sauti kubwa kama anayeongea na mtu asiyesikia vizuri:

"Mama, yule mgeni wako amerudi. Anasema msalaba una jina."

Akanigeukia. "Lisome wewe. Wewe ndiye uliyeulizwa."

Nikavaa miwani. Nikalisoma.

Sasa nipo Kinyerezi, na kazi inaendelea. Nyie majirani mnaoniuliza nimejifunza nini huko, nimejifunza kwamba watu watakuacha ujivune juu ya kitu kibovu wakiona aibu kukwambia. Kwa hiyo ukiona tofali langu limepinda, niambie usoni. Nitakubishia, hiyo ndiyo tabia yangu, lakini niambie. Na Mama Kashindi, kama unasikia, sufuria jipya nimelituma kwa basi la jana.