Muziki Wake, Kelele Yangu

Kabla mtoto wake hajazaliwa, jirani yangu wa ukuta wa kushoto hakuamini kwamba duniani kuna kitu kinachoitwa kelele. Aliamini kuna muziki, kuna mpira, kuna wageni wake wanaocheka, na kuna watu wenye wivu wanaotaka kulala.

Tulipanga ploti moja hapa Roret, nyuma ya soko. Vyumba vilikuwa mstari mmoja chini ya bati moja, milango ikitazama ua wenye mfereji mmoja wa kuchotea maji. Aliyejenga alikuwa na haraka au alikuwa bahili, maana kuta za kutenganisha vyumba zilipanda kidogo kupita milango zikakomea hapo. Kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, na hakuna aliyewahi kuweka silingi. Ukikohoa, chumba cha mwisho wanajua dawa uliyokunywa haijasaidia. Mimi nilikuwa nimezoea. Nilikuja kutoka upande wa Kisii nikiwa msichana, nikaolewa na mchuma chai, nikabaki mjane, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kulala mahali ambapo sisikii mtu mwingine akigeuka kitandani. Kusikia watu si shida. Shida ni mtu anayetaka usikie.

Huyu alitaka usikie. Alikuwa karani katika ofisi ya kaunti, na neno kaunti alilitamka kama mtu anayetaja mjomba wake. Beji ya kazi ilimning'inia shingoni hata akienda bafuni na taulo begani. Siku aliyohamia alikuja na viti vya kochi, televisheni, na sabufa kubwa yenye taa za buluu zinazocheza. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa chumba cha mwisho, alitoka kumsaidia kubeba. Aliibeba ile sabufa kwa uangalifu kana kwamba ina mayai ndani, akaiweka alipoonyeshwa, yaani juu ya meza iliyoegemea ukuta wangu.

Sitaeleza kila usiku. Inatosha kusema kwamba vikombe vyangu vilikuwa vinatembea kabatini. Wikendi ilianza Alhamisi na kwisha Jumatatu alfajiri, na miezi ya bonasi ya chai, wakulima wanapolipwa, ilikuwa yote wikendi.

Nilivumilia kwa muda, kisha Jumapili moja mchana nikaenda kumwona. Sikwenda kugombana. Nilibisha, nikakaribishwa, nikakaa kwenye kochi, nikamwambia kwa upole kwamba mimi ni fundi wa nguo, nashinda sokoni nimeinama, na usiku nahitaji kulala. Nikamwomba ageuze sabufa iangalie upande wa mlango, na saa za watu kulala aipunguze. Alinisikiliza akitabasamu, akicheza na simu.

"Mama, mimi nalipa nyumba kama wewe tu," akasema. "Ukitaka kimya, hamia Londiani. Huko kuna msitu."

Wageni wake wawili wakacheka. Niliaga nikarudi kwangu.

Kuhusu majirani wengine, nataka kuwa mkweli bila kuwa mkali, lakini mambo hayo mawili hayakai pamoja. Asubuhi kwenye mfereji walikuwa simba. Mwalimu alisema hali hii ni ukosefu wa ustaarabu na kwamba yeye, kama mtu aliyesoma, hawezi kuinyamazia. Mama mboga, aliyekaa chumba cha kwanza na kuuza sukuma getini, alisema yule kijana hakulelewa. Nikawaambia basi twende wote, tumwone pamoja. Wakakubali. Siku ilipofika, mwalimu alishikwa na tumbo, na mama mboga akakumbuka kwamba yule kijana ni kastama mzuri sana. Kumbe ujasiri wao ulikuwa unamwagika na maji ya ndoo kabla hawajafika mlangoni.

Nikampigia mwenye nyumba. Ni mzee mwenye mashamba ya chai upande wa Boito, na alikuja akiwa na gambuti zenye matope, uso umekunjwa kama mtu aliyekuja kumfukuza mwizi. Nikafurahi. Aliingia kwa karani. Kupitia ule uwazi wa juu nikasikia akipewa kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, nikasikia wakiulizana ukoo, wakizungumza Kikipsigis, lugha ambayo watu husahau kwamba naielewa. Karani alimwambia kwamba ofisini kwao wanapanga barabara za mashambani, na kwamba jina la mzee halitasahaulika. Mzee alipotoka, uso ulikuwa umenyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Huyu kijana ana heshima," akaniambia. "Jifunzeni kukaa na watu."

Barabara hadi leo haijafika kwake. Anapita kwenye matope yaleyale na gambuti zilezile.

Basi nikajifunza kukaa na watu. Nilitia pamba masikioni, na kwa kuwa usingizi haukuja hata hivyo, nikaanza kuleta kazi nyumbani. Nina cherehani ya miguu niliyoachiwa na dada yangu. Nikiisha kula, nilikaa nayo nikashona sare za shule, na hakuna aliyelalamika, maana chini ya ile sabufa hata trekta ingepita bila kujulikana.

Mwaka uliofuata karani akaleta mke. Hapakuwa na harusi, alikuja tu na begi na tumbo. Alikuwa msichana mpole kutoka Boito, mwenye sauti ya chini. Pale chumbani hakuwa na la kufanya, kwa hivyo alizoea kuja sokoni kwenye veranda ninaposhonea, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu ya kazi, akinisaidia kutoa nyuzi. Jioni alihamia mlangoni kwangu. Aliniambia kwamba naye sabufa inamuumiza kichwa, lakini mumewe husema ni mimba inayomsumbua. Nilimpenda yule msichana. Nilishangaa jinsi mtu kama huyu anavyokubali mtu kama yule. Hilo huwa haliulizwi.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye nywele nyingi. Siku walipotoka hospitali, jioni yake ploti ilikuwa kimya. Nilidhani stima imepotea. Nikawasha taa, ikawaka. Nikakaa kitandani nikisikiliza ukimya kama mtu aliyeibiwa.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo lilinikasirisha kuliko usiku wote uliopita. Yule mtu alijua kitufe cha sauti kiko wapi. Alikijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemhurumia kidogo, nikidhani labda ni kijana asiyejisikia, mtu ambaye hajui sauti yake inafika wapi. Alijua vizuri sana. Tulikuwa hatujafika kiwango cha kupunguziwa sauti, basi.

Kesho yake alituma ujumbe katika kundi la WhatsApp la ploti, kundi ambalo hadi siku hiyo lilikuwa la kuulizana kama maji yametoka. Akatuomba, kama wazazi na wananchi, tudumishe mazingira tulivu. Baada ya hapo ujumbe haukukoma. Geti lisibamizwe. Watoto wasikimbie uani baada ya chai ya jioni. Anayekaanga vitunguu afunge dirisha, kwa sababu mafuta yanalia. Alileta grisi ya gari akapaka bawaba za geti mwenyewe, akiwa na beji shingoni.

Na wakatii. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwalimu, aliyeshikwa na tumbo nilipomhitaji, sasa aliwafundisha watoto wake kutembea kwa ncha za vidole. Mama mboga, aliyekuwa akikata sukuma mlangoni alfajiri, alihamisha kisu na sinia hadi nje ya geti, kwenye baridi, na alipokutana na karani alimwuliza kwa kunong'ona kama mtoto amelala vizuri. Walimwogopa alipopiga kelele, wakamwogopa alipotaka kimya.

Kisha ikafika zamu yangu. Alinijia sokoni mchana, akasimama mbele ya veranda huku wateja wakisikia. Akasema cherehani yangu ya usiku inamsumbua mtoto, na angeshukuru nikiiacha giza likiingia.

"Na ile sabufa yako?" nikamwuliza.

"Ile ilikuwa muziki, mama. Hii ni kelele."

Hakutania. Nilimtazama usoni nikitafuta hata dalili ndogo ya aibu, sikuiona. Nikamwambia nitashona, nikarudi kwenye kola niliyokuwa nashona.

Akaitisha mkutano. Jumapili baada ya kanisa tukakaa uani kwenye viti vyake mwenyewe, alivyotoa nje kwa heshima ya mwenye nyumba. Alizungumza juu ya haki za mtoto. Akasema vyumba hivi ni vya kuishi, havikujengwa kwa biashara, na cherehani ni biashara. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali kila nukta, mpaka nikahofia shingo yake. Nilipopewa nafasi nilikumbusha kwamba nilipoumia mimi nilikwenda mlangoni kwa jirani yangu nikaomba, sikuitisha baraza, na nilijibiwa nihamie msituni. Hakuna aliyeinua macho. Mama mboga alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kucha zake.

Mwenye nyumba akaamua. Yeye aliyeniambia nijifunze kukaa na watu alisema kila ploti lazima iwe na sheria, na asiyeweza kuzifuata atafute pengine. Msichana wa Boito alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Alinitazama, akaingia ndani.

Nikaifunika cherehani kwa leso. Sikuwa na nguvu ya kuhama.

Usiku huo mtoto alianza kulia. Na usiku uliofuata. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Nimelea, nakijua kila kimoja. Kilikuwa kilio cha mtoto asiyeridhika, kinaanza giza likiingia na kutulia jogoo wakiamka. Nilimsikia karani akitembea huku na huku, akiimba nyimbo za kanisa asizozijua, akimlaumu mkewe kwa chakula alichokula, akiwalaumu mbwa wa jirani. Mimi nilitia pamba masikioni nikalala. Mwalimu kwenye mfereji alisema hali hii ni ukosefu wa malezi. Alisema kwa sauti ndogo.

Siku chache zikapita hivyo, kisha yule msichana akaja sokoni. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Alikaa kwenye kigoda chake, mtoto akilia, na mimi nilikuwa na sketi za kumaliza, nikaendelea kukanyaga. Mtoto akanyamaza. Nikasimama kutia uzi, akaanza tena. Nikakanyaga, akalala mdomo wazi.

"Umeona, mama?" akaniambia. "Huyu alikuwa anasikia hiyo mashine kila siku akiwa tumboni. Tafadhali shona usiku. Naomba."

Nilimwambia akamweleze mumewe. Akasema amemweleza, naye anaona aibu kuja. Nikamwambia basi aibu hiyo aje nayo, namjua mtu aliyeitisha mkutano, na ndiye nitakayemsikiliza.

Hakuja. Jioni simu yangu ikalia: ujumbe katika kundi. Karani aliwajulisha wapangaji wote kwamba, baada ya kutafakari, cherehani ya fundi imeruhusiwa kwa masharti maalumu. Mwalimu akajibu kwa kidole gumba. Mama mboga akaweka mikono ya maombi.

Imeruhusiwa! Niliweka simu chini, nikachukua mkasi na sindano ya mkono, nikashona vifungo. Mtoto alilia hadi asubuhi.

Alikuja siku ya pili yake, jua likishuka, akasimama mlangoni bila kuingia. Shati lilikuwa na madoa ya maziwa begani. Akaanza kusema juu ya kuelewana na ujirani mwema. Nikamwacha amalize.

"Sema unachotaka," nikamwambia.

Akatazama uani kama kuna mtu. "Mama, tafadhali shona."

Sikufanya kwa ajili yake. Nilifanya kwa sababu yule msichana angeanguka siku moja na mtoto mgongoni. Nikatoa leso, nikakaa, nikakanyaga, na kupitia ule uwazi juu ya ukuta kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakata. Nikasikia karani akivuta pumzi ndefu. Hakusema asante. Kwenye mfereji aliwaeleza watu kwamba ameongea na fundi wakaelewana kama watu wazima, na mwalimu akamsifu kwa hekima.

Miezi michache baadaye walipata nyumba yenye ua wake, upande wa Litein. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikuja kuwaombea, na alisema ploti haijawahi kupata mpangaji wa namna hiyo. Kwa hilo tulikubaliana. Mwalimu alibeba kochi. Mama mboga alifuta machozi kwa aproni na kuwafungia sukuma ya safari.

Yule msichana aliingia kwangu mtoto akiwa mkononi. Hakuaga. Aliniomba nikae kwenye cherehani nikanyage kawaida, bila kuharakisha, kisha akaweka simu yake juu ya kitambaa karibu na gurudumu, akakaa kitandani kwangu kusubiri inase ule mlio. Nilikanyaga. Mumewe akaanza kuita kutoka kwenye pikapu kwamba gari ni la kukodi, watu wanangoja, anafanya nini huko ndani. Akaita mara ya pili kwa nguvu zaidi.

Msichana alisimama, akatoa kichwa mlangoni, akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza," akamwambia, kwa ile sauti yake ya chini. "Unaharibu."

Akarudi kukaa, nasi tukaanza upya.