Bunduki Iliyotusindikiza

Baba ana bati la biskuti ambalo haruhusiwi mtu kulifungua akiwa hayupo. Biskuti zenyewe zilikwisha kabla sijaanza skuli. Sasa mna vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, pasi zilizokwisha muda na kadi za chanjo za watoto ambao leo wana watoto wao. Aliporudi Omani kutoka Unguja alikuja na mke, na mimi mgongoni mwa mama, na Kiarabu cha kuombea maji. Kwenye dirisha la uhamiaji wakamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akataja jina la baba yake na la babu yake. Wakamwambia vizuri, karatasi iko wapi? Hakuwa nayo. Ilimchukua muda mrefu kutafuta wazee wa kumshuhudia kuwa yeye ni mtoto wa baba yake, na aibu ile haikumtoka.

Ugonjwa wake nimeurithi mimi. Nimefanya kazi ya masijala mpaka nilipostaafu, na sioni haya kusema kuwa napenda muhuri uliokaa sawasawa. Mdogo wangu anauza magari Wattaya, hapa hapa Muskati, na anakaa na Baba mtaa wa Darsait. Yeye hunitania kwamba siku yangu ikifika nitamdai mtoa roho kitambulisho.

Kilichotuingiza katika habari za silaha, sisi ambao hata kisu cha kuchinjia tunaazima, ni maneno ya Baba mwaka jana. Alikuwa ametoka hospitali, macho yamekwisha, na daktari alishatuambia kuwa moyo umechoka. Nilikuwa nikimlisha uji. Akaukataa mkono wangu akasema, "Mwanangu, nnataka kuishika ile bunduki ya baba yangu. Mara moja tu."

Bunduki hiyo tumeisikia tangu utotoni. Babu alimuuzia jirani yake kijijini, huko mkoa wa Sharqiya, alipopata safari ya kwenda Unguja, na jirani akaahidi kuwa siku mtoto wa Babu akiitaka, atauziwa yeye kabla ya mtu mwingine. Baba alizaliwa Unguja, hakupata kuiona. Na miaka yote tangu arudi hakwenda kuiulizia. Aliona haya kupiga hodi kwa watu na Kiarabu chake kile, aonekane mgeni katika kijiji cha baba yake. Hilo nililijua siku hiyo ya uji, na nilikasirika, nikakasirika kwa ajili yake. Nikaweka bakuli chini nikamwambia, "Utaishika."

Kesho yake nilikwenda polisi. Afisa aliyenipokea alikuwa mpole, akanieleza na mimi nikaandika. Bunduki ya mkono wa pili hainunuliwi kama friji ya mkono wa pili. Mnunuzi aombe kibali kwanza, kwa jina lake, huko anakokaa. Alete cheti cha tabia njema na karatasi ya daktari kuwa akili yake na macho yake ni mazima. Muuzaji atoe nakala ya kibali chake, yenye namba ya bunduki. Na kwa kuwa muuzaji yuko mkoa mwingine, karatasi zitakwenda huko na kurudi. Mpaka kibali kipya kitoke, bunduki inabaki kwa mwenyewe.

"Hata kuibeba kwenye gari yenu, hapana," alisema. "Hata kama mwenyewe amekupeni."

Maneno hayo niliyapigia mstari mara mbili.

Tulikubaliana kibali kiwe cha mdogo wangu, maana bunduki ingekaa Darsait. Yeye akaguna. "Dada, bunduki ya zamani vile, hata risasi zake hazipatikani. Twende tukaichukue, Mzee aishike, tuirudishe. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na mwenda pole hajikwai," nikamjibu. "Washa gari."

Mwenye bunduki sasa ni mtoto wa yule jirani, naye ni mzee wa makamo ya Baba. Tulishazungumza naye kwenye simu, akatukaribisha kwa furaha. Njiani nilimsomea mdogo wangu masharti. Tunakwenda kusoma namba na kupiga picha kibali. Kahawa atakunywa, halwa atakula, bunduki hataigusa.

Jambo moja sikumwonya, na kosa hilo ni langu. Sisi tuliolelewa Kizanzibari, tukiingia nyumba ya mtu tunasifu. Tunasifu mapazia, tunasifu mchuzi, tunamsifu mtoto na mashaallah yake. Ni adabu tu, wala hatuna haja na kitu cha watu. Lakini vijijini kule, mgeni akisifu kitu cha mwenyeji amekiomba, na mwenyeji mwenye heshima zake hawezi kumnyima. Nalijua hilo tangu nikiwa msichana, kwa sababu mama alipata kurudi nyumbani na mbuzi kwa ajili ya kusifu manyoya yake. Siku hiyo nilikuwa na karatasi kichwani, nikalisahau.

Mimi nilikaa ndani na mke wa mzee, bibi mwembamba aliyekuwa akinitolea kokwa za tende moja moja. Wanaume walikuwa sebuleni na mlango uko wazi. Nikamsikia mdogo wangu anasema kwa Kiarabu chake kizuri cha kuuzia magari, "Mashaallah, Ami. Wallahi sijaona bunduki nzuri kama hii."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Kisha mzee akasema, "Ni yako."

Mdogo wangu akacheka kwa adabu. Akasema hapana, Ami, bado karatasi. Mzee akasema tena ni yako, ichukue sasa hivi, na bei sitaki kuisikia. Mdogo wangu akakataa tena, na hapo sauti ya mzee ikapanda. "Naapa kwa talaka, hamtoki mlangoni kwangu bila ya bunduki hii."

Bibi aliacha tende. Wazee wa kule, wakitaka mgeni asikatae, huapia ndoa zao. Mgeni akishika msimamo, kiapo kinamrudia mwapaji, na mke aliyekaa naye miaka hamsini anaingia mashakani mpaka mashekhe waitwe. Ndiyo maana mgeni hakatai.

"Mwaka jana aliniapia kwa ajili ya mbuzi," bibi akaniambia polepole. "Leo bunduki. Nimepanda cheo."

Nikajitengeza mtandio nikatoka. Mdogo wangu alikuwa ameshaishika kwa mikono miwili, uso unaomba msaada na huku unafurahi. Mti wake ulikuwa mweusi kwa mikono ya watu, na mtutu umezungushiwa mikanda ya fedha. Nikamwambia aiweke chini. Akaiweka. Mzee akanitazama, na nikaona nimemuumiza.

"Zawadi yangu ina ila gani?" akauliza.

Nasema kweli, nilitaka kuichukua. Kutoka pale mpaka Darsait ni mwendo wa saa mbili. Kabla ya Magharibi Baba angekuwa nayo mapajani, na njiani pengine asingetusimamisha mtu. Moyo wake ulikuwa umechoka, na mimi nilijua vizuri kasi ya masijala kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika chumba kile. Lakini nikamwona mdogo wangu kando ya barabara anaulizwa bunduki hii ya nani, na Baba, kwa mara ya pili katika maisha yake, anaambiwa vizuri, karatasi iko wapi. Nikakataa moyoni mwangu, na nikaona hasira zinanisaidia.

"Ami," nikasema, "zawadi yako tumeipokea kwa mikono miwili, na kiapo chako hakitavunjika. Umeapa hatutoki mlangoni bila ya bunduki. Basi tutatoka nayo. Lakini utaibeba wewe, kwa sababu kibali kina jina lako. Kwetu sisi mgeni husindikizwa. Tusindikize."

Mzee alimtazama mdogo wangu, akaitazama bunduki. Hata sasa sijui angejibu nini, maana sauti ya mkewe ilitoka ndani kabla yake.

"Aliyeapiwa ni mimi," alisema, "na mimi nimeridhika. Vaa viatu."

Tukatoka. Mzee mbele, bunduki begani na kibali mfukoni mwa kanzu, sisi nyuma yake, mpaka mwisho wa mitende tulipoacha gari. Tulipofika alikuwa ameshaanza kucheka. Alitwambia kuwa baba yake aliifuta kwa mafuta kila Ijumaa na alikuwa akiiita amana, ijapokuwa aliinunua. Kisha akatupa mkono, akageuka, akarudi nayo nyumbani kwake.

Mdogo wangu hakusema nami mpaka tukafika Ruwi, jirani na Darsait. Nyumbani Baba alikuwa ameshavalishwa kanzu safi, anasubiri. "Mmekuja nayo?"

"Imetusindikiza, Baba," nikasema. "Itakuja na karatasi yake."

Akageuza uso upande wa ukuta. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo ni kungoja. Maombi yalirudishwa mara moja, kwa kuwa picha aliyopiga mdogo wangu ilikata tarakimu ya mwisho ya namba. Nikaenda tena kijijini, peke yangu, nikainakili kwa mkono wangu na bibi akanifungia tende za njiani. Karatasi ya daktari ikachelewa. Baba akalazwa tena, akatoka, akawa hali kitu ila maziwa. Kila Jumapili asubuhi, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya kazi, nilikuwa mtu wa kwanza pale polisi, mpaka yule afisa akawa ananiita mama wa bunduki na kunipa kiti bila ya kuniuliza shida yangu.

"Akifa kabla," mdogo wangu akaniambia siku moja jikoni, bila ya utani wowote, "kibali utakizika naye?"

Nilikwenda kwangu Ghubra nikalia kwenye gari, na Jumapili nikaenda tena polisi.

Kibali kilitoka. Mdogo wangu na mzee walitia saini mbele ya askari huko Sharqiya, na bunduki ikaja Muskati ndani ya mkoba wake, haina risasi, na karatasi iko mfukoni. Asubuhi ile nilikuwa nimeshamwogesha Baba na kumkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha. Chini, gereji ya jirani ilikuwa inagonga bati. Mdogo wangu akaiweka bunduki juu ya meza, akaugonga mti wake kwa vidole ili Baba ajue ilipo.

Baba akapeleka mkono. Kisha akausimamisha hewani.

"Karatasi iko wapi?"

Nikampa. Akaipapasa pembe zote nne, akatafuta muhuri kwa kidole gumba mpaka akaupata. "Nisomee mwenye bunduki," alisema.

Nikasoma. Kwetu jina la mtu haliandikwi peke yake. Nikasoma jina la mdogo wangu, mtoto wa, jina la Baba, mtoto wa, jina la Babu, na mwisho kabila.

"Rudia."

Nikarudia. Mara ya tatu tulisoma pamoja, yeye kwa kunifuata, na alipofika kwa Babu alilisema jina peke yake kwa sauti ya mtu anayeita mwenziwe ng'ambo ya barabara.

"Baba yangu yumo," akasema.

"Yumo," nikamwambia.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia anavuta kamasi. Baba akataka bati lake. Nikamletea, akalifungua mwenyewe, akaweka kibali juu ya vyeti vyote, akalifunga na kulibana kifuniko kwa viganja viwili, kama afanyavyo siku zote, mpaka likalia. Kisha akanyoosha mikono.

"Haya," alisema. "Sasa nipeni."