Betri ya Chuma Niliyoipeleka Dranya

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na betri saba ndogo zilizounganishwa pamoja, ambazo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumezihangaikia karakanani kwa muda mrefu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Magazeti yalikuwa yameanza kutaja betri mpya za lithiamu kutoka Japani, nyepesi na za ghali mno kwa watu wa kwetu. Sisi tulitaka njia nyingine: betri ya kuchajiwa tena na tena, ambayo fundi wa kijijini angeweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe.

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, betri ya gari ina mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi. Yetu ilikuwa na mabamba ya chuma na nikeli, yaliyozama kwenye maji makali ya alkali, yanayoteleza kama sabuni. Ukiitumia mpaka iishe kabisa, haifi. Ukisahau kuitoa kwenye chaji, haifi. Tulijivunia sana jambo hilo. Rafiki yangu Adriko, seremala wa Ayivu nje ya mji wa Arua, aliniandikia kwamba watu waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa na redio lakini hawakuwa na umeme. Nikasema, hapo ndipo betri yetu itakapoonyesha uwezo wake.

Kutoka Kampala basi lilikwenda kwa vumbi mpaka Karuma, kisha Pakwach, tukavuka Nile. Sanduku nililipakata njia nzima. Mama aliyekaa pembeni yangu alilitazama hadi akachoka, akauliza, "Baba, hii mutoto yako hapana lia?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi.

Arua tulifika jioni. Adriko alinipeleka kwake Ayivu, ambako mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya mawe. Kesho yake tukaipeleka betri kwa mwenye jenereta, chini ya Arua Hill, ikachajiwa mpaka ikajaa. Adriko alikuwa ameshamchagua mtu wa kuijaribu: mjane wa Dranya, upande wa Koboko, aliyekuwa akimuuzia mke wa Adriko ufuta. Aliitwa Mama Zaituni.

Huko Dranya nilikuta mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Mume wake, Rajabu, alikuwa askari. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka walikimbilia Sudan, na huko akaugua. Kabla ya kufa alizungumza kwenye kanda, akiwaachia ndugu zake salamu. Kaka yake mkubwa, Mzee Juma, alikimbilia Zaire, na wawili hao hawakuonana tena. Sasa familia ilikuwa inaandaa dua ya marehemu, na Mzee Juma alikuwa amekubali kuja.

"Yeye hapana kuja kula wali," Mama Zaituni aliniambia. "Anakuja kusikia sauti. Hii betri ya dukani inalala njiani. Yako itafika?"

"Itafika, mama."

Nilimweleza kila kitu kwa subira: jinsi ya kuunganisha nyaya na redio yake ya kuchezea kanda, jinsi ya kuongeza maji safi, jinsi ya kunawa mikono yale maji makali ya ndani yakimgusa. Aliniuliza swali moja tu. "Nguvu iko ndani sasa hivi?"

"Imejaa, mama."

"Basi."

Akalifunga sanduku kwa kitenge, akalisukuma chini ya kitanda. Mimi nilipendezwa kuona kazi yetu inaheshimiwa hivyo. Nikarudi Ayivu, nikakaa majuma kadhaa nikimsaidia Adriko kutengeneza masanduku mengine.

Siku ya dua nilirudi Dranya. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mikeka imetandikwa, harufu ya nyama imeenea hadi barabarani. Mzee Juma aliletwa kwa baiskeli. Macho yake yalikuwa yamefifia, na aliyemwongoza kwa mkono alikuwa Swaleh, ndugu yao mdogo, mtu wa mizaha. Baada ya dua Mama Zaituni alileta redio, kanda ikiwa ndani, akaiweka juu ya kigoda mbele ya shemeji yake. Mimi niliunganisha nyaya. Nikabonyeza kitufe.

"Kaka Juma, salaam aleikum," sauti ilisema, safi kabisa. Mzee Juma aliinua kichwa. "Mimi ni Raja—"

Hapo sauti ikaanza kuwa nzito. Ikavutika, ikazama, ikawa kama ya mtu anayeongea huku anaanguka. Maneno hayakueleweka tena.

"Haa! Rajabu amekunywa waragi kule Sudan?" Swaleh akasema.

Vijana wakacheka, kisha wakakumbuka walipo. Rajabu hakuwahi kugusa pombe maishani. Mzee Juma aliteremsha kichwa polepole. Redio ikazimika.

Nami nikafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Nilimgeukia mwenye nyumba mbele ya wageni wake, nikauliza kwa sauti, "Mama, uliitumia kufanya nini?"

Alinitazama. "Mimi hapana tumia. Tangu wewe kwenda, mimi hapana gusa hata siku moja. Kule Sudan tulikuwa natoa betri kwa redio, nafunga kwa nguo, mpaka saa ya habari. Ndiyo inabaki na nguvu. Hii nilisema iko ya Mzee Juma."

Nilielewa palepale. Betri yetu ilivuja nguvu yenyewe ikiwa imekaa bure, kama mtungi unaotoka jasho, na kwenye joto ilivuja haraka zaidi. Nakuru kuna baridi, na sisi tuliichaji jioni tukaitumia asubuhi. Nilimweleza mama yule namna zote za kuitumia. Kuhusu kuiweka tu, sikumwambia neno. Yeye aliitunza kwa uangalifu wote aliojifunza uhamishoni, na uangalifu huo ndio uliomwaibisha.

Asubuhi, kabla sijapata ujasiri wa kutoka kwenye chumba nilicholazwa pale kwake, nilimsikia Mama Zaituni mlangoni. Alikuwa na sanduku kichwani na redio mkononi.

"Fundi, amka. Mzee anakwenda Koboko kungoja lori. Pale kwa mashine ya kusaga wanachaji betri. Twende."

Koboko, kwenye mashine ya kusaga, tuliiacha ichajiwe huku lori la Mzee Juma likipakiwa tumbaku. Ndipo nilipomwomba Mama Zaituni radhi, mbele ya mzee na Swaleh. Alisema, "Imekwisha," lakini haikuwa imekwisha. Waliosikia nikimlaumu walikuwa uwanja mzima. Walionisikia nikijirudi walikuwa watatu.

Dereva akaanza kupiga honi. Tulichomoa betri kwenye chaji, tukaiunganisha na redio juu ya gunia, na Mama Zaituni akarudisha kanda mwanzo, akabonyeza mwenyewe.

"Kaka Juma, salaam aleikum. Mimi ni Rajabu. Swaleh, kama uko hapo, nyamaza kwanza, kaka asikie."

Swaleh alifunika uso kwa mikono miwili. Mzee Juma alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yaliendelea hata kicheko kilipokwisha. Alisikiliza hadi mwisho, mkono wake juu ya redio kama juu ya bega la mtu.

"Jana ilikuwa mutu mwingine," alisema. "Leo iko Rajabu. Rudisha."

Mama Zaituni aliniangalia. "Nguvu itatosha?"

"Tumia, mama," nikasema. "Tumia mpaka iishe. Halafu chaji, utumie tena."

Dereva alizima injini, akangoja.

Njia ya kurudi Nakuru sanduku halikuwa mapajani mwangu, lilibaki Dranya. Wenzangu waliniuliza betri ilifanya kazi vipi. Niliwaambia kwamba ilipofanya kazi ilifanya vizuri. Kisha nikachaji nyingine, nikaiweka juu ya rafu karibu na jiko, penye joto, na nikawaomba wasiiguse. Tangu siku hiyo tulipima betri zetu zikiwa zimekaa, si zikiwa kazini tu. Na kila ninapompa mtu kifaa kipya, kabla sijafungua mdomo kumweleza, humwuliza kwanza atakiweka wapi, na anakihifadhia siku gani.